Kompyuta na Utafutaji wa Dawa Mpya



Hapana mtoto aliyekaa chuoni asiyefunzwa kwamba kila maradhi Mwenyezi Mungu ameyawekea dawa yake. Funzo hili tumelipokea kwa Mtume wetu (s.a.w.), nalo ni faraja kubwa kwa mgonjwa na kwa wanaomuuguza. Lakini wengi wetu hulishika kwa upande mmoja tu. Hudhani kwamba dawa, maadamu imekwisha wekwa, itakuja yenyewe mlangoni. Kilichowekwa ni cha kutafutwa, na akaaye kitako akingoja hakuahidiwa kukiona. Leo nataka kuwaeleza, wazazi na vijana, jinsi dawa zinavyotafutwa katika zama hizi kwa msaada wa kompyuta, kwani wengi wamelisikia jambo hili, na walilolisikia mara nyingi limetiwa chumvi.

Yafaa kwanza tujue kwa nini utafutaji huu umekuwa wa haraka. Dawa za kuua vijidudu vya maradhi, hizi tuziitazo antibayotiki, zimeanza kushindwa. Miongoni mwa vijidudu maelfu kwa maelfu hapakosi vichache vyenye nguvu ya kuikinga dawa. Vyenzao vikifa, hivyo hubaki na kuzaana, hata dawa ikawa kama maji. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la matabibu liitwalo The Lancet yaonyesha kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao 1,270,000 duniani waliuawa na vijidudu visivyosikia dawa. Tukilinganisha vifo na idadi ya watu, waliofikwa zaidi ni watu wa Afrika kusini ya Sahara.

Nasi tuna fungu letu katika msiba huu. Mama humpa mtoto mwenye mafua vidonge vilivyobaki alipougua kaka yake. Baba hununua nusu ya dozi dukani kwa kuwa fedha haikutosha, au huacha kumeza siku ya tatu akijiona mzima. Mafua hayaletwi na vijidudu vinavyouawa na dawa hizo, na dozi isiyotimia huua vilivyo dhaifu ikaviacha vyenye nguvu. Simlaumu aliyekosa fedha. Namlaumu muuzaji ajuaye haya, naye akata vidonge vinne akampa mtu bila ya kumwambia neno.

Basi dawa za zamani zikichoka, hapana budi zitafutwe mpya. Wazee wetu katika elimu walizitafuta kwa miguu. Ibn al-Baytar, mtu wa Malaga katika Andalusi aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi hata nchi akiuliza habari za mimea, akaandika kitabu chenye dawa na vyakula vipatavyo 1,400, vimepangwa kwa tartibu ya herufi. Kabla yake Ibn Sina alikwisha weka katika al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa. Moja katika masharti hayo ni kwamba dawa ijaribiwe kwa binadamu, kwani ifanyavyo katika mwili wa farasi au simba huenda isifanye hivyo katika mwili wa mtu. Naomba msomaji aliweke sharti hili akilini, tutalihitaji mbele.

Wajuzi wa kemia wa leo hawahesabu mimea tu. Wanahesabu molekuli, yaani sehemu ndogo kabisa ya kitu ambayo bado ina tabia ya kitu hicho. Iko hazina moja ya orodha iitwayo ZINC, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, ambayo ndani yake mna molekuli zaidi ya bilioni moja. Ni nani atakayezijaribu zote kwa mkono? Tuchukue milioni 107 tu katika hizo. Mtu akijaribu moja kila dakika, hali hali, halali wala hasali, itamchukua miaka zaidi ya 200. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia, nayo ina njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kufuli na ufunguo. Mfano huu ulitolewa na Mjerumani Emil Fischer mwaka 1894, wala haujapitwa na wakati. Katika mwili wa kijidudu mna protini zinazofanya kazi za uhai wake, na protini ina mashimo yenye umbo maalumu, kama tundu la kufuli. Molekuli yenye umbo la kulingana na tundu hilo huingia ikakwama, na mwenye nyumba hawezi tena kufungua. Mwaka 1982 Irwin Kuntz na wenziwe wa San Francisco walichapisha programu ya kwanza ya kuzilinganisha funguo na kufuli ndani ya kompyuta. Mashine hupewa umbo la protini, kisha hupitishiwa molekuli moja moja, huigeuza hivi na hivi, ikaipa alama kwa kadiri ilivyokaa vizuri. Zilizopata alama za juu hupelekwa maabara kujaribiwa kwa kweli. Katika dawa zilizobuniwa kwa kulitazama umbo la protini kwa msaada wa kompyuta ni zanamivir, ya homa kali ya influenza, iliyoruhusiwa mwaka 1999.

Njia ya pili ni ya kuisomesha mashine, nayo ndiyo iliyonivutia zaidi, labda kwa kuwa kazi yangu ni kusomesha. Mwanafunzi wa tajwidi husomewa neno akaambiwa, hili sahihi. Husomewa jingine akaambiwa, hili lina kosa. Baada ya maneno elfu mbili, akisikia neno ambalo hajapata kulisikia, sikio lake humwambia kama liko sawa, ijapokuwa pengine hawezi kuieleza kanuni. Kadhalika wanavyuoni wa Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, wakiwamo James Collins, Regina Barzilay na Jonathan Stokes, waliipa kompyuta molekuli 2,335 ambazo zimekwisha jaribiwa juu ya kijidudu cha matumboni kiitwacho E. coli, wakaiambia ipi ilikizuia kisikue na ipi haikukizuia. Kisha wakaipitishia vitu vipatavyo 6,000 vilivyokwisha tengenezwa kwa ajili ya maradhi mengine, wakaiuliza: kipi katika hivi kitaua kijidudu, nacho hakifanani na antibayotiki tuzijuazo?

Mashine ikawatolea kimoja ambacho kwanza kilichunguzwa kwa ugonjwa wa kisukari. Wakakiita halicin, kwa jina la HAL, kompyuta ya katika filamu ya mwaka 1968 ambayo iliwaua wasafiri iliowachukua. (Wangaliweza kuchagua jina lenye fali njema kuliko hilo.) Walipokijaribu maabara kiliua vijidudu vya namna nyingi, hata vya kifua kikuu. Walichukua panya waliotiwa kijidudu kisichosikia antibayotiki yoyote ijulikanayo, wakawapaka marhamu ya halicin, na katika saa 24 maradhi yakaondoka. Tena walikiweka kijidudu cha E. coli pamoja na halicin kwa siku 30, nacho hakikupata kinga. Kilipowekwa pamoja na ciprofloxacin, dawa inayouzwa katika maduka yetu, kilianza kupata kinga katika siku moja hadi tatu, na siku 30 zilipotimia kinga hiyo ilikuwa yapata mara 200 ya hali yake ya kwanza. Habari hizi zilichapishwa mwezi wa Februari 2020 katika jarida la Cell.

Hawakuishia hapo. Waliipitishia mashine molekuli zaidi ya milioni 107 kutoka katika ile hazina ya ZINC, nayo ilizimaliza kwa siku tatu. Ikawachagulia 23 za kujaribiwa. Kati ya hizo, 8 zilionyesha nguvu ya kuzuia vijidudu.

Tusimame kidogo hapa, maana ndipo magazeti mengi yanapopita mbio. Mashine ilichagua 23, na 15 hazikufaa kitu. Haya si aibu kwake. Kupata 8 katika 23 ni jambo kubwa kwa aliyekuwa akitafuta sindano katika ghala ya mchele. Lakini laiti watu wale wangalichukua neno la mashine bila ya kujaribu, wangaliwanywesha wagonjwa vitu 15 visivyokuwa dawa. Na hizo 8, na hata halicin yenyewe, zimejulikana katika chupa na katika panya. Ibn Sina angaliuliza: na katika mwili wa mtu je? Yapasa kujua kiasi gani kinyweke, kinakaa muda gani katika damu, kinalidhuru vipi ini na figo. Kazi hiyo huchukua miaka mingi na mali nyingi, na nyingi katika dawa zinazoianza hazifiki mwisho. Hadi leo halicin haijaruhusiwa kutibu watu. Basi akikujia mtu na chupa akasema kuwa hii ni dawa iliyovumbuliwa na kompyuta, muulize imejaribiwa kwa watu wangapi na ni nani aliyeiruhusu, kisha ufunge mfuko wako.

Wako wanaouliza kama kuitegemea mashine namna hii si kudai kujua ya ghaibu. Ni swali la haki, na jawabu lake ni jepesi kwa mwenye kuelewa tuliyoyasema. Mashine haijui, inakisia, kwa kupima kitu kipya kwa mfano wa vitu ilivyokwisha onyeshwa. Mvuvi atazamaye mawingu ya kusi akasema leo bahari itachafuka hakudai ghaibu. Ikiwa mifano aliyofunzwa ni mibovu, kisio lake litakuwa bovu, na ndivyo ilivyo mashine.

Swali lililo gumu ni jingine. Kampuni moja ya Raleigh, Marekani, iitwayo Collaborations Pharmaceuticals, ilikuwa na mashine iliyofunzwa kuziepuka molekuli zenye sumu. Watu wake waliigeuza kwa kujaribu, wakaiamuru iitafute sumu badala ya kuiepuka. Kwa muda usiofika saa 6 mashine iliandika molekuli 40,000, na ndani yake ilikuwamo ile sumu ya vita iitwayo VX, na nyingine ambazo kwa makisio yake zaweza kuipita. Hawakuzitengeneza, waliandika habari hiyo mwaka 2022 ili kuutahadharisha ulimwengu. Mashine ni ile ile, orodha ni ile ile, kilichobadilika ni amri ya aliyekaa mbele yake. Sisi tunaowasomesha watoto hadithi ya nia kabla ya hadithi nyingine hatuna haja ya kufafanuliwa maana ya jambo hili. Lakini yatupasa kuuliza ni nani watakaokaa mbele ya mashine hizo miaka 20 ijayo, na kama watoto wetu watakuwamo.

Hapa baadhi yetu hupenda kusema kwamba hata neno algorithimu, yaani utaratibu wa hesabu ambao kompyuta huufuata, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Ni kweli. Ila Al-Khwarizmi hakupata jina hilo kwa kuwasifu babu zake. Alikaa akapiga hesabu. Mzazi amwambiaye mwanawe kwamba hesabu na kemia ni elimu ya skuli, isiyomhusu mtoto wa chuoni, amekata mti ambao babu yake aliupanda.

Na kijana asidhani kwamba kazi hii ni ya Marekani tu. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town kuna kituo kiitwacho H3D, kilichoanzishwa mwaka 2010 na Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, na huko Waafrika wanatafuta dawa mpya za malaria na kifua kikuu, kwa chupa na kwa kompyuta pamoja. Yanayotakiwa ni hesabu, kemia, elimu ya viumbe, na ujuzi wa kuiandikia kompyuta amri zake. Ama ile hazina ya ZINC, haina malipo. Mwenye kompyuta na intaneti, akiwa Tanga, Lamu au Bujumbura, aweza kuifungua usiku wa leo baada ya sala ya Isha, akaanza kusoma.