Kupatwa kwa jua na mwezi: nusu ya hesabu iko kwenye kalenda yetu

Usiku wa Jumapili, 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa wote hapa kwetu pwani. Kivuli kilianza kuumega karibu saa moja na nusu, na ilipofika saa mbili na nusu ulikuwa mwekundu kama kaa linalozimika. Ulikaa hivyo dakika 82. Msikitini kwetu tuliswali swala ya kupatwa. Simu nazo zilijaa ujumbe: wajawazito wasitoke nje, vyakula vifunikwe, kuna mionzi. Kijana mmoja akaniuliza, iweje wataalamu wa falaki wajue mpaka dakika jambo ambalo ni la ghaibu? Nikamwambia si ghaibu, ni hesabu, na nusu ya hesabu yenyewe tunayo ukutani.

Angalia kalenda ya Kiislamu. Usiku ule tulikuwa katikati ya Mfungo Sita, msimu wa Maulidi. Mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu, tarehe 14 au 15 hivi. Jua nalo halipatwi ila mwezi ukiwa umefichika, baina ya tarehe 28 na 30. Hutasikia hata siku moja jua limepatwa mwezi kumi. (Wale wanaobishana kila Ramadhani juu ya kuandama, hilo nawaachia walitafakari.) Wavuvi watanielewa upesi zaidi: kupatwa huja na bamvua, hakuji na maji mafu, kwa sababu bamvua pia huletwa na jua, dunia na mwezi kukaa katika mstari mmoja.

Dunia ikiwa katikati, kivuli chake huufunika mwezi. Kivuli hicho ni kipana, kwa hivyo kila aliye upande wa usiku anaona, na anaona kwa saa kadhaa. Wekundu ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa inayoizunguka dunia, ukapinda na kuingia kivulini. Ni wekundu ule ule wa magharibi jua likitua. Hapana mionzi yoyote ya ziada. Mama mjamzito atoke, aketi barazani, atazame.

Mwezi ukiwa katikati, jua ndilo linalopatwa. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, lakini pia liko mbali mara 400 hivi, ndiyo maana machoni mwetu vinalingana na kimoja kinaweza kukiziba kingine. Ncha ya kivuli cha mwezi ni nyembamba, kwa hivyo wachache huingia gizani na wengine huona jua limemegwa tu. Tarehe 3 Novemba 2013 ncha hiyo ilipita Turkana, giza la sekunde chache, na waliosafiri mpaka Sibiloi wakakutana na dhoruba ya vumbi.

Sasa, mbona si kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama digrii 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia. Mara nyingi mwezi hupita juu kidogo au chini kidogo ya mstari. Kila baada ya karibu miezi sita tu ndipo mambo hulingana, na hapo huja kwa jozi: wiki mbili baada ya ule mwezi wetu mwekundu, jua lilipatwa sehemu kule New Zealand.

Wakati wa Mtume (S.A.W.) jua lilipatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Yeye mwenyewe, akiwa na uchungu wa mzazi, akawakanya: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Wanafalaki waliohesabu kurudi nyuma wameipata tarehe, 27 Januari 632, mwisho wa Mfungo Mosi. Kalenda inakubali.

Linalonitia wasiwasi ni Jumatatu, 2 Agosti 2027, mwisho wa Mfungo Tano. Ncha ya kivuli itapita Luxor kule Misri kwa zaidi ya dakika 6, ipite Jeddah na Makka, ivuke Yemen, iguse pembe ya Somalia. Sisi huku tutaona jua limemegwa upande, mchana kweupe. Na hapo ndipo penye hatari. Kwa kuwa halitafunikwa lote, hapana hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu. Sehemu ya ndani ya jicho inayoungua haina hisia ya maumivu; mtoto atatazama, atacheka, na kidoa cheusi atakigundua baadaye.

Miwani ya kawaida ya jua haifai. Picha za eksirei, kioo kilichopakwa masizi, beseni la maji, vyote havifai. Inayofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Ukiikosa, toboa karatasi ngumu kwa sindano, lipe jua mgongo, uache mwanga upite tunduni uanguke kwenye karatasi nyingine: utaona kijijua kilichomegwa. Au keti chini ya mwarobaini, ama banda la makuti lililochakaa, uangalie chini. Vile vidoa vya mwanga mchangani vitakuwa vimegeuka hilali tele.