Kisanduku cha Hakone katika Soko la Deptford

Kwenye meza za mitumba za soko la Deptford, hapa Lewisham, usishangae kukuta kisanduku cha mbao cha Kijapani kilichojaa nyota na miraba. Wengi hudhani kimepakwa rangi. Hakikupakwa. Kila rangi unayoiona ni ya mti wenyewe.

Kazi hii huitwa yosegi, na asili yake ni milima ya Hakone, kusini-magharibi mwa Tokyo, yenye miti ya aina nyingi: myeupe, ya manjano, ya kahawia, hata myeusi. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Ishikawa Nihei wa kijiji cha Hatajuku, aliyezaliwa 1790.

Fundi wa njumu wa Lamu, akipamba kiti cha enzi, huchimba mbao nyeusi kwa patasi, kisha hupachika kipande cha pembe au mfupa. Wa Hakone hachimbi. Huchana mbao kuwa fito nyembamba, huzipanga rangi kwa rangi, huzitia gundi na kuzikaza kwa kamba hadi zishikane. Ukikata bunda hilo, nyota iko kwenye mkato, na kila mkato una nyota ileile. Vipande huunganishwa kuwa ubao mmoja, ndipo fundi hupitisha randa kubwa. Maranda, ambayo seremala mwingine huyafagia, hapa ndiyo mali: utando mwembamba kama karatasi, wenye nakshi nzima, wa kubandikwa juu ya kisanduku. Ninaustahi sana ustadi huo wa randa. Mkono ukitetemeka, nakshi imechanika.

Kwa kuwa ubao mmoja hupamba visanduku vingi, bei iliwafaa wasafiri. Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1859, na wageni wakapanda Hakone kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Hata Frederick Horniman, tajiri wa chai ambaye jengo la makumbusho yake lilifunguliwa Forest Hill mwaka 1901, alifika Japani miaka ya 1890.

Ukikinunua, usikipige msasa, utaumaliza utando. Usikioshe pia, maji hulegeza gundi. Na kisipoonyesha kifuniko, usikibandue kwa kisu: huenda ni himitsu-bako, kisanduku cha siri. Sukuma taratibu ubavu mfupi kwanza. Ukisogea kidogo, jaribu ubavu mwingine, maana hufunguka kwa mpangilio wake tu.