Gemu la 1990 lililotupita, sasa lipo kwenye simu yako

Simu unayoulizia bei pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, inaweza kucheza gemu ambalo mwaka 1990 lilihitaji kompyuta ya mezani.

Linaitwa The Secret of Monkey Island. Kijana Guybrush anataka kuwa haramia. Hakuna bunduki: unabonyeza kitendo, mfano "fungua", kisha unabonyeza mlango. Ulaya na Marekani walilicheza kwenye IBM, Atari ST na Amiga, ambako lilikuja na disketi nne, na kazi ya kuzibadilisha ilikuwa yako.

Sisi je? Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ililegezwa baadaye, lakini kompyuta ya kuchezea nyumbani Dar ilibaki ndoto. Hata ITV ilianza 1994!

Leo ipo ScummVM, programu ya bure iliyoanza 2001. Iweke kwenye Android, nunua gemu lenyewe, hamishia mafaili yake kwenye simu, basi. Ukishaliweka halili bando.

Kikwazo ni Kiingereza, na utamu wote uko kwenye maneno. Hata pambano la upanga hushindi kwa nguvu, unashinda kwa kurudisha kijembe kinachofaa. Mipasho mitupu, kama taarabu.