Leseni za programu huisha ilhali wanaozishikilia hawapo kazini

MHANDISI anafika kazini saa mbili unusu asubuhi, anawasha tarakilishi na kufungua programu anayoitegemea kukamilisha kazi ya mteja. Badala ya kufunguka, programu inamjulisha kwamba leseni zote zinatumika. Anapotupa macho ofisini, anaona viti vitano vitupu, na mbele ya kila kiti tarakilishi ambayo programu iyo hiyo iko wazi tangu jana.

Tatizo hili hukumba kampuni na vyuo vinavyotumia leseni za pamoja, ambazo mafundi huziita leseni zinazoelea. Leseni ya aina hii haifungwi kwa mtu wala kwa tarakilishi moja. Leseni 10, kwa mfano, zaweza kuwahudumia wahandisi 30, mradi wanaoitumia programu kwa wakati mmoja wasizidi 10. Lengo ni kuokoa pesa, kwani programu za kitaalamu ni ghali na si kila mtu anayezihitaji kutwa nzima.

Leseni hizo hugawiwa na seva. Mfumo mmoja unaotumika sana kwa kazi hiyo ni FlexNet, uliojulikana awali kama FLEXlm na ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtumiaji akifungua programu, seva humpa leseni moja. Akiifunga, leseni hurejea ili apewe mwingine.

Hapo ndipo penye kasoro. Kwa kawaida seva huhesabu programu zilizo wazi, wala si kazi inayofanywa. Wanaokumbuka vibanda vya simu wataelewa: aliyeingia kibandani na kushika mkono wa simu bila kuzungumza aliwazuia waliopanga foleni nje sawa na aliyekuwa akiongea.

Mfano mzuri ni MATLAB, programu ya hesabu inayopendwa na wahandisi na watafiti. Ina vifurushi vya ziada, na kila kimoja kina leseni yake. Mtumiaji akiita amri moja tu ya kifurushi fulani, leseni ya kifurushi hicho huchukuliwa na kushikiliwa hadi atakapoifunga MATLAB yenyewe. Hesabu ya dakika moja asubuhi yaweza basi kumnyima mwenzake kifurushi hicho hadi jioni.

Tarakilishi nayo ikikatika ghafla kutoka kwa mtandao, seva huenda ikaendelea kuihesabu kwa muda kana kwamba ingali kazini.

Wakuu wengi wakisikia malalamiko haya hukimbilia kununua leseni zaidi. Huko ni kutibu homa bila kupima damu. Hatua ya kwanza ni kuchunguza. FlexNet ina amri ya lmstat, ambayo humwonyesha msimamizi ni nani ameshika leseni gani na tangu saa ngapi. Aliyeichukua jana jioni na hayupo ofisini atajulikana mara moja.

Hatua ya pili ni kuweka kikomo. Msimamizi anaweza kuiagiza seva itwae leseni ya programu iliyokaa bila kuguswa kwa muda fulani. Hata hivyo, si kila programu hukubali agizo hilo, na baadhi ya watengenezaji huweka muda wa chini usioweza kupunguzwa. Aliyepokonywa naye huomba upya anaporejea, na zikiwa zimekwisha, itambidi angoje. Kikomo kifupi mno basi huwaudhi hata wale waliotoka kula chamcha tu.

Hatua ya tatu haigharimu chochote: kuifunga programu kazi inapokwisha. Kuzima kioo cha tarakilishi au kuipunguza programu isionekane hakurejeshi leseni.

Iwapo leseni zitaendelea kuisha baada ya hayo yote, basi uhaba ni wa kweli na ununuzi una sababu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leseni nazo ni mali.