Kihariri Kinapogombana na Git

Git iliundwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili kutunza historia ya msimbo wa Linux, nayo ilikusudiwa kuendeshwa kwa amri za terminali. Kihariri cha Visual Studio Code (VS Code) kilikuja miaka kumi baadaye, na hakina Git ndani yake. Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kurekodi mabadiliko, kihariri huiita Git iliyomo kwenye kompyuta, husubiri jibu, kisha hulionyesha kwa rangi na alama. Viwili hivyo visipoelewana, wa kwanza kuulizwa ni Git yenyewe: hufunguliwa terminali ndani ya folda ya mradi na kuandikwa git status. Terminali ikilalamika, kihariri kimesingiziwa. Ikijibu vizuri huku kihariri kikidai hakuna Git, basi hakijui ilipo. Mara nyingi ilisakinishwa kihariri kikiwa wazi, na kukifunga kabisa kisha kukifungua tena hutosha. La sivyo, mahali ilipo huandikwa kwenye mpangilio wa git.path.

Tatizo jingine lilizuka Aprili 2022. Toleo la 2.35.2 la Git lilianza kukataa folda inayomilikiwa na mtumiaji mwingine, kwa kuwa mipangilio ya Git inaweza kuagiza programu iendeshwe, na kwenye kompyuta ya pamoja mtu angeweza kumtegea mwenzake. Ulinzi huo una maana, ila uliwashtua wengi: miradi iliyo kwenye diski za nje ilitoweka kwenye kihariri ilhali faili zote zilikuwapo. Dawa ni kuitaja folda husika katika mpangilio wa safe.directory. Wapo wanaoweka humo nyota ili kuruhusu folda zote. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekwama.

Kinachosumbua zaidi ni miisho ya mistari. Mtu hajagusa kitu, lakini mamia ya faili yanaonyeshwa kuwa yamebadilika. Akifungua mojawapo anakuta mstari umefutwa kwa rangi nyekundu, na chini yake mstari uleule, herufi kwa herufi, umeongezwa kwa kijani. Tofauti haionekani kwa macho: Windows humaliza mstari kwa alama mbili, CRLF, Linux na macOS hutumia moja tu, LF. Alama hizo mbili ni urithi wa mashine za teletaipu, ambako moja ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni na nyingine ikasogeza karatasi. VS Code huonyesha inayotumika pembeni, chini kulia. Kumwachia kila mmoja apange core.autocrlf, mpangilio wa Git wa kubadilisha miisho hiyo, kwenye kompyuta yake ni kukaribisha vurugu. Afadhali faili ya .gitattributes yenye mstari * text=auto, maana husafiri pamoja na mradi; kisha amri git add --renormalize . husawazisha faili za zamani.

Kuna nyakati Git ndiyo inayokiita kihariri, ili mtu aandike ujumbe wa badiliko. Amri ya code hurudi mara tu dirisha linapofunguka, hivyo Git hudhani ujumbe umekwisha kuandikwa, huukuta mtupu na kusitisha kazi. Mpangilio wa core.editor ukiwa code --wait, Git husubiri hadi faili ya ujumbe ifungwe.