Kilomita Hamsini za Barabara ya Namanga

Mume wangu alipopata kazi Kajiado mjini, kila aliyetupongeza aliuliza swali lile lile: mnahama lini? Hakuna aliyeuliza kama tunahama. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa ameshaanza kuniulizia bei ya kochi.

Sisi ni wakazi wa Kitengela, upande wa Noonkopir. Kutoka hapa hadi Kajiado ni kama kilomita 50, barabara moja tu ya Namanga, unapita Isinya na mashamba yake ya maua, kisha nyika na mbuzi mpaka unafika. Ni umbali wa kuudhi. Angepata kazi Lodwar, umbali wenyewe ungetuamulia. Angepata Athi River, tusingekuwa na la kujadili. Lakini kilomita 50 zinaruhusu kila jibu, na ndiyo maana tulibishana hadi watoto wakaanza kutukwepa sebuleni.

Niseme mapema kwamba sina kinyongo na kuhama. Mji huu umejengwa na wahamaji. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, familia za Wamaasai zikapata hati zao, na viwanja vikaanza kuuzwa. Mwaka 1990 ikaja sheria ya EPZ na viwanda vikaota pale Athi River. Baada ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000 kuwafungulia washonaji wetu soko la Marekani, wasichana wakamiminika kutafuta kibarua. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilishona kola za mashati kutwa, kola tupu, bila kuliona shati likikamilika. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 Kitengela. Ya 2019 ikakuta 154,436. Ukimuuliza mtu hapa kwao ni wapi, ni nadra akutajie Kitengela.

Lakini nilipokuja nilikuwa peke yangu na begi moja. Siku hizi nina kibanda changu, cherehani mbili na mashine ya ovaloki, na hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Mume wangu alisema vyote hivyo vinaingia kwenye kanta moja, na kanta hadi Kajiado si ghali. Nikamletea daftari langu la vipimo.

Fundi yeyote atakwambia daftari hilo ndilo duka. Langu lina mabega, viuno na mikono ya watoto wa mitaa mitatu, mwaka baada ya mwaka. Mama akinipigia simu Desemba na kusema “sare ya yule wa kati”, najua ni mtoto yupi, najua shule gani, na najua nimwachie pindo la inchi ngapi kwa sababu watoto wa nyumba ile hurefuka ghafla. Wasichana wa viwandani huniachia vitenge vya harusi na kulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewahi kunikimbia, kwa kuwa tunajuana hadi milango. Kajiado kuna mafundi wa siku nyingi, na shule zina watu wao. Ningefika na mashine zinazofanya kazi na daftari lisilo na mtu hata mmoja wa kuvaa. Kwa mwaka mmoja hivi, labda miwili, ningekuwa fundi wa kupunguza suruali.

Basi tukaketi na kalamu. Barua ya kazi ilisema nyongeza ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Inasomeka vizuri. Ila nyongeza ya mtu aliyekwisha kufika kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 30 haimfikii nzima: bima ya afya ya jamii inachukua asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5, NSSF sehemu yake, kisha kodi ya mapato. Kilichobaki kilikuwa kama 12,500. Kodi ya nyumba ya Kajiado ingetupunguzia kama 5,000, hilo nilimkubalia. Akibaki akisafiri, nauli ni kama 200 kwenda na 200 kurudi, karibu 8,800 kwa mwezi. Kwa hivyo kuhama kungetuokolea takriban 13,800. Mimi, katika mwezi wa kawaida usio Januari, nabaki na kama 25,000 baada ya kulipia kibanda, uzi na stima.

Aliziangalia hizo tarakimu kwa muda. Halafu akasema pesa si kila kitu. Nikamjibu kwamba hilo hakulisema alipokuwa akinisomea barua.

Naona hapa ndipo familia nyingi huteleza. Kazi mpya huja na karatasi yenye nembo na tarakimu, kwa hivyo inaonekana nzito. Kazi ya mke sokoni au kibandani haina karatasi, kwa hivyo inahesabiwa kama kitu kinachobebeka, pamoja na masufuria.

Karatasi yenyewe inafaa kusomwa hadi mwisho. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aandike mahali pa kazi, na pakibadilika, mkataba urekebishwe kwa kushauriana na mfanyakazi na aarifiwe kwa maandishi. Mkataba wa mume wangu ulitaja Kajiado, sawa. Ulitaja pia probesheni ya miezi sita. Wengi huruka mstari huo. Katika kipindi hicho sheria inaruhusu mkataba kukatishwa kwa notisi ya siku saba. Siku saba! Mwenye nyumba wa Kitengela hataki kusikia notisi iliyo chini ya mwezi mmoja, nawe umehamisha watoto, umelipa dipoziti ya nyumba mpya, umeuza kochi kwa jirani, yote juu ya kazi inayoweza kuisha ndani ya wiki. Hata kama waajiri ni watu wema, na hawa wanaonekana wema, sioni sababu ya watoto kuwa kwenye probesheni ya baba yao.

Halafu kuna kifungua mimba wetu, yuko gredi ya 8. Mwakani atafanya mtihani wa KJSEA, ule unaopeleka watoto shule ya upili ya juu. Alama za mwisho hazitoki kwenye mtihani huo peke yake: asilimia 20 ni za gredi ya 6, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8, na 60 ndizo za mtihani wenyewe. Zile za nyuma humfuata popote, lakini za mwaka huu zinaandikwa na walimu wanaomjua, na akishasajiliwa kwenye kituo cha mtihani, kumhamisha ni kukimbizana na makaratasi. Kitindamimba wa chekechea angehama hata kesho na kufurahia lori.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Makueni. “Mwanangu, mke hufuata mume,” akasema. Nikamwambia, “Ni kweli, Mama, lakini mume mwenyewe analala wapi?” Maana hofu yake kubwa ilikuwa kijana wake kuishi peke yake, na hofu hiyo naielewa. Tuliwaona walimu. Tume ya TSC ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha walimu mbali na maeneo ya kwao, waume na wake walijikuta kaunti tofauti, nyumba mbili, sufuria mbili, na watoto wa kuonana na mzazi likizo. Mwaka 2022 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kuukomesha mpango huo, na wengi wakaanza kuomba kurudi. Binamu yangu alirudi. Ndoa yake haikumngoja. Kwa hivyo chumba cha kupanga Kajiado kwa siku za kazi, ambacho shemeji yangu alikipigia debe sana, tulikikataa mapema.

Kilichotuamulia hasa ni kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu. Asubuhi Kitengela nzima inaelekea Nairobi. Ni kilomita 30 tu, lakini ukifika Athi River na Mlolongo unaweza kumaliza gazeti na kulirudia, barabara ya juu kwa juu iwepo isiwepo. Mume wangu anaelekea upande mwingine. Magari ya Namanga yanaondoka Kitengela na barabara iko wazi, na kwa saa moja hivi ameshafika. Majirani wanaofanya kazi karibu kuliko yeye hurudi nyumbani baada yake. Ijumaa za mwisho wa mwezi hali ni mbaya, magari hujaa na nauli hupanda, na yeye huondoka kabla kitindamimba hajaamka, jambo ambalo mtoto analilalamikia kwa sauti kubwa. Hayo tumeyakubali.

Tumekubaliana pia lini tutaliongelea tena: probesheni iwe imekwisha na mtihani wa mtoto umepita. Sikuahidi jibu. Nilichoahidi ni kwamba kufikia wakati huo nitakuwa na kurasa za Kajiado kwenye daftari, ili tukihama nisianze na sifuri. Yeye ndiye wakala wangu. Juzi aliniletea oda ya mashati matatu ya wenzake wa afisini, vipimo kavichukua mwenyewe kwa tepu niliyomtilia mfukoni. Kifua cha mkubwa wake amekiandika inchi 24. Nimemrudisha akapime upya.