Mbinu na vifaa katika uendeshaji wa baiskeli

Mbinu za uendeshaji wa baiskeli ni ujuzi anaoutumia mwendeshaji ili kwenda kwa kasi, kwa usalama na bila kuchoka haraka. Ujuzi huo unahusu namna ya kukaa, kukanyaga pedali, kubadili gia, kufunga breki, kukata kona na kwenda pamoja na wenzake. Vifaa ni baiskeli yenyewe pamoja na magurudumu, tairi, nguo na helmeti.

Swali la kipi kina faida zaidi, mbinu au vifaa vya bei kubwa, ni la zamani katika mchezo huu. Linawahusu pia watu wasioshindana, kwa sababu baiskeli ya mbio iliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni inaweza kugharimu fedha nyingi kuliko pikipiki. Jibu linategemea hasa nguvu zinazomzuia mwendeshaji asiende mbele.

Nguvu zinazomzuia mwendeshaji

Anayeendesha baiskeli hushindana na vitu vinne: hewa, mvutano wa dunia anapopanda mlima, msuguano wa tairi na barabara, na msuguano ndani ya mnyororo na beringi.

Kwenye barabara tambarare adui mkubwa ni hewa. Nguvu inayotakiwa kuishinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Maana yake, anayetaka kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40 anahitaji nguvu mara 8 dhidi ya hewa, siyo mara 2. Hata kutoka kilomita 20 hadi 25 kunahitaji karibu nguvu maradufu. Sehemu kubwa ya ukinzani huo husababishwa na mwili wa mwendeshaji, na sehemu ndogo tu na baiskeli. Kwa hiyo anayeinamisha mgongo, kukunja viwiko na kubana mikono karibu na mwili anapunguza ukinzani kuliko anayebadilisha fremu huku akiendelea kukaa wima.

Mlimani, mwendo huwa mdogo na hewa hupungua umuhimu. Hapo kinachohesabiwa ni uzito wote unaopandishwa: mtu, baiskeli, maji na mizigo. Mtu wa kilogramu 70 mwenye baiskeli ya kilogramu 9 ana jumla ya kilogramu 79. Akinunua baiskeli ya kilogramu 7, jumla inakuwa 77, yaani pungufu ya asilimia 2.5 hivi. Katika mlima mkali anaoupanda kwa dakika 30, ataokoa sekunde 45 hivi au chini ya hapo. Kwa mshindani wa kulipwa sekunde hizo zinaweza kuamua mbio nzima. Kwa mtu anayekwenda kazini, chupa mbili za maji za lita moja zilizojaa zinarudisha uzito uleule alioulipia.

Mbinu za msingi

Urefu wa kiti

Kosa la kawaida kwa wanaoanza ni kuweka kiti chini mno ili miguu yote miwili ifike ardhini. Goti hukunjwa kupita kiasi, misuli ya paja huchoka mapema, na maumivu yanaweza kutokea upande wa mbele wa goti. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kulia na kushoto kila pedali inaposhuka.

Njia rahisi ya kupima ni kukaa juu ya kiti, kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na kuhakikisha mguu umenyooka. Baadaye, mtu akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Njia nyingine, iliyoenezwa na Mmarekani Greg LeMond, ni kupima urefu wa mguu kwa ndani kutoka sakafuni hadi kwenye msamba na kuuzidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedali kwenye fremu hadi juu ya kiti. Mwenye sentimita 80 atapata sentimita 70.6 hivi. Hesabu hiyo ni mwanzo tu, maana watu hutofautiana kwa maumbile na viatu. Marekebisho haya yanahitaji spana moja, na baiskeli nyingine hazihitaji hata hiyo.

Kasi ya kukanyaga na gia

Nguvu ya mwendeshaji hutokana na mambo mawili: uzito wa kila mkanyago na idadi ya mizunguko kwa dakika. Wanaoanza wengi huchagua gia nzito na kuzungusha polepole, pengine mizunguko 50 au 60 kwa dakika. Waendeshaji wenye uzoefu kwenye barabara tambarare huzungusha kati ya 80 na 100. Mzunguko wa haraka kwa gia nyepesi hupunguza mzigo wa misuli na magoti katika kila mkanyago, ingawa hupandisha mapigo ya moyo. Kanuni muhimu ni kubadili gia kabla mlima haujawa mkali. Anayechelewa hulazimika kubadili huku mnyororo umekazwa, na hapo ndipo mnyororo huruka au kukatika.

Breki na kona

Baiskeli inapofungwa breki kwa nguvu, uzito huhamia mbele. Kwa sababu hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, na anayetegemea ya nyuma pekee anahitaji umbali mrefu. Breki ya mbele ibanwe hatua kwa hatua huku mwendeshaji akirudisha makalio nyuma, ili gurudumu la nyuma lisiinuke. Kila anayepanda baiskeli ngeni anapaswa kujua kwanza mkono upi unashika breki ipi.

Kwenye kona, mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia, siyo katikati, kwa sababu tairi linalogeuka na kufungwa breki kwa wakati mmoja huteleza kwa urahisi, hasa penye maji, mchanga au rangi ya alama za barabarani. Pedali ya upande wa nje wa kona huwekwa chini na kukandamizwa. Macho hutazama mahali pa kutokea, kwa kuwa baiskeli hufuata macho. Anayekazia macho shimo mara nyingi huingia shimoni humo.

Kwenda kwa kundi

Anayefuata karibu nyuma ya mwenzake hukingwa na upepo na anaweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake, au zaidi akiwa ndani ya kundi kubwa. Hakuna gurudumu linalouzwa dukani lenye faida ya kiasi hicho. Ndiyo maana washindani hupokezana mbele. Mbinu hii inahitaji mwendo usioshtukiza, kuonyesha mashimo kwa ishara ya mkono, na kutokuruhusu gurudumu la mbele lipitane na la nyuma la mwenzako, kwani yakigusana anayeanguka kwa kawaida ni wa nyuma. Haifai kufanywa nyuma ya malori na mabasi, ambako dereva hamwoni mwendeshaji na mwendeshaji haoni barabara.

Mifano kutoka historia ya mashindano

Tour de France ya 1989 hutajwa mara nyingi na wanaotetea vifaa. Siku ya mwisho ilikuwa mbio za kushindana na saa za kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Mfaransa Laurent Fignon aliongoza kwa sekunde 50. Greg LeMond alitumia usukani wa nyongeza uliotoka katika mchezo wa triathlon, uliomwezesha kunyoosha mikono mbele na kulaza mgongo, pamoja na helmeti iliyochongoka nyuma. Fignon alikwenda kichwa wazi na usukani wa kawaida. LeMond alishinda mashindano yote kwa sekunde 8. Faida kubwa ya usukani ule ilitokana na mkao uliomwezesha mwendeshaji kuushika.

Mfano wa pili ni wa Graeme Obree wa Uskoti. Alijitengenezea baiskeli yake mwenyewe, na kati ya vipuri vyake zilikuwemo beringi za mashine ya kufulia nguo. Alibuni pia mkao wa kukunja mikono chini ya kifua. Tarehe 17 Julai 1993 huko Hamar, Norwei, aliweka rekodi ya dunia ya saa moja kwa kwenda kilomita 51.596, akiivunja ya Mwitalia Francesco Moser iliyodumu tangu 1984. Siku sita baadaye Mwingereza Chris Boardman aliipita kwa kilomita 52.270. Mwaka 1994 Obree aliichukua tena, kisha Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI) likapiga marufuku mkao wake.

Boardman mwenyewe alitoa kipimo kizuri cha tofauti kati ya mtu na vifaa. Mwaka 1996 alikwenda kilomita 56.375 kwa saa moja akiwa na baiskeli maalumu na mkao wa kunyoosha mikono mbele kabisa, uliokatazwa baadaye. UCI iliamua kwamba rekodi ishindaniwe kwa baiskeli inayofanana na ile ya Mbelgiji Eddy Merckx, aliyekwenda kilomita 49.431 huko Mexico mwaka 1972. Boardman alijaribu tena mwaka 2000 kwa masharti hayo na kupata kilomita 49.441, yaani mita 10 tu zaidi ya Merckx. Umri na hali ya mwili vilikuwa vimebadilika kiasi, lakini sehemu kubwa ya zile kilomita 7 zilizopungua ilitokana na mkao na vifaa.

Mifano hii inaonyesha kwamba vifaa vina nguvu kweli kati ya watu ambao tayari wamefikia kilele cha mbinu na mazoezi. UCI huweka pia mipaka: tangu mwaka 2000 baiskeli ya mbio za barabarani haipaswi kuwa chini ya kilogramu 6.8. Kwa hiyo katika uzito wa baiskeli fedha hufika mahali zikakoma kununua nafuu.

Afrika Mashariki

Chris Froome, mshindi wa Tour de France ya 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alijifunza mchezo huu kwa Mkenya David Kinjah, aliyewafundisha vijana katika mji wa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France. Alishinda hatua tatu na kuvaa jezi ya kijani mwishoni. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza barani Afrika.

Hata hivyo, wengi wanaotumia baiskeli katika eneo hili si washindani. Ni wanafunzi, wauza maziwa, wabeba mkaa na ndizi, na wasafirishaji wa abiria. Neno bodaboda lenyewe lilianza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda. Baiskeli ya chuma aina ya Black Mamba huwa na uzito wa kilogramu 20 hivi au zaidi, na ikibeba gunia la kilogramu 100 pamoja na mwendeshaji, jumla hukaribia kilogramu 200. Hapo kupunguza kilogramu moja ya fremu hakufikii hata asilimia moja. Vinavyosaidia ni tairi zenye upepo wa kutosha, mnyororo uliosafishwa na kutiwa mafuta, breki zinazoshika, na mzigo uliofungwa chini na katikati ili usivute usukani.

Wakati vifaa vinapostahili fedha

Kuna vifaa ambavyo mbinu haiwezi kuchukua nafasi yake. Cha kwanza ni baiskeli yenye kimo kinachomfaa mtu, kwa kuwa fremu kubwa au ndogo mno hairekebishiki kwa kiti pekee. Kisha ni mipira ya breki isiyolika, tairi zisizo na nyufa, taa za usiku na helmeti iliyopitishwa na viwango vya usalama. Helmeti ya bei nafuu yenye alama halali ya viwango imepita vipimo vya lazima vilevile vilivyopitwa na ya bei kubwa. Tofauti ya bei mara nyingi hutokana na uepesi, matundu ya hewa na umbo la kupunguza upepo.

Baada ya hapo, faida ya kila nyongeza hupungua kadiri bei inavyopanda. Tairi nzuri huleta mabadiliko yanayohisiwa kwa gharama ndogo. Magurudumu ya kaboni huleta mabadiliko madogo kwa gharama kubwa. Upepo wa tairi nao hauhitaji kuzidishwa: kwenye barabara mbovu, tairi gumu mno huruka juu ya kila kokoto, hupoteza nishati na kumchosha mwendeshaji, ilhali tairi pana lenye upepo wa wastani hupita vizuri zaidi.

Kwa mwenye bajeti ndogo, mpangilio wenye maana ni huu: kwanza usalama wa baiskeli aliyo nayo, kisha kiti na mkao, kisha tairi na mnyororo, kisha mazoezi ya mara kwa mara. Baiskeli mpya ifuate pale inapojulikana wazi ile ya zamani inamzuia katika jambo gani.